Deni la Sharanpur: Habari za Watoto Waliosomeshwa Ng'ambo kwa Sadaka ya Imani



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita wanachama wawili, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, walisimama pamoja wakatoa ombi ambalo halijapata kutolewa mbele yetu. Walitaka Chama kitenge sehemu ndogo ya hazina yake kwa karo ya watoto wachache walio katika nchi jirani ya Sudan Kusini. Walisema ya kuwa hawakutumwa na mtu. Walisikia habari za watoto wale katika nyumba zao za ibada, na tangu siku ile nafsi zao hazikupata kutulia. Mmoja wao alisema neno ambalo Katibu aliliandika kama lilivyotamkwa: "Nadhani naitwa, na nikinyamaza nitakuwa nimekataa."

Akajibu mzee mmoja, naye ni mtu tunayemheshimu sana: "Wajukuu wangu mwenyewe wamerudishwa nyumbani mara mbili mwaka huu kwa ajili ya karo. Hazina hii ni jasho letu. Kwa nini ivuke mpaka?" Wengi walimpigia makofi, na wengi wengine walinyamaza. Mwenye Kiti alipoona kuwa jambo limegawanya mkutano, aliagiza Halmashauri ilitazame kwa utulivu, kisha iandike maoni yake katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka.

Basi sisi wa Halmashauri tumeona kwamba kabla ya kutoa maoni yafaa kwanza kukumbuka historia. Maana swali la mzee wetu si jipya. Zamani lilikuwa swali la watu wa nchi nyingine, na watoto waliokuwa wakisemwa walikuwa wetu.

Watoto waliookolewa baharini

Kila mwanachama anajua habari za biashara ya watumwa katika pwani hii, na hatuna haja ya kuzirudia zote. Mwaka 1822, na tena mwaka 1845, Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano na Waingereza ya kuipunguza biashara hiyo, na kwa mapatano hayo ya pili ilikatazwa kuwachukua watumwa kutoka pwani ya Afrika na kuwapeleka Arabuni. Walakini wafanya biashara hawakuacha. Majahazi yaliendelea kusafiri na kaskazi na kusi, na manowari za Waingereza zikawa zikizunguka baharini kuyawinda.

Jahazi likikamatwa, watu waliofungwa ndani yake waliachwa huru. Lakini hapo ndipo palipokuwa na mashaka mapya. Wengi wao walikuwa watoto, waliotekwa mbali sana bara, katika nchi za Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa. Kuwashusha pwani ilikuwa ni kuwarudisha mikononi mwa walewale waliowauza. Kuwapeleka kwao haikuwezekana, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hawezi kuonyesha njia ya safari ya miezi mitatu. Basi walipelekwa Adeni, wengine Bombay katika Bara Hindi, na baadaye wengine Ushelisheli na Morisi. Walikuwa huru, lakini hawakuwa na mama, wala baba, wala lugha ambayo mtu aliyesimama karibu nao angeweza kuielewa.

Maili yapata mia moja kaskazini-mashariki ya Bombay uko mji wa Nasik, na karibu yake palikuwa na kijiji cha Wakristo kilichoitwa Sharanpur, maana yake mji wa makimbilio. Kijiji hicho kilikuwa chini ya chama cha wamisionari wa Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society, na aliyekisimamia kwa miaka mingi alikuwa padre William Salter Price. Hapo, yapata mwaka 1860, ilifunguliwa nyumba ya kuwalea na kuwasomesha watoto wa Kiafrika waliotoka katika majahazi. Walifundishwa kusoma na kuandika, hesabu na maandiko ya dini, na kadhalika kazi za mikono, kama useremala na uhunzi.

Waliotoa walikuwa watu gani?

Hapa twawaomba wazee wetu wasimame kidogo pamoja nasi, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la nusu ya swali letu.

Chama kile cha wamisionari, kilichoanzishwa mjini London mwaka 1799, hakikuendeshwa kwa kodi. Kiliendeshwa kwa sadaka. Wako matajiri waliotoa fedha nyingi, lakini sehemu kubwa ilitoka katika sahani za makanisa ya vijijini, na katika visanduku vidogo vilivyowekwa majumbani, ambamo watumishi wa nyumba, mafundi, wajane, na hata watoto wa shule za Jumapili walitia peni zao. Watu hao hawakupata kuiona Nasik, sembuse Afrika. Walisomewa habari kanisani, wakarudi nyumbani, wakashindwa kusahau. Hivyo ndivyo wito ulivyo kwa kawaida. Si lazima sauti itoke mbinguni. Mara nyingi ni habari tu iliyokataa kumtoka mtu moyoni.

Je, watu hao walikuwa wamekwisha maliza shida za watoto wao wenyewe? La, hata kidogo. Sheria iliyoanza kuwapatia watoto wote wa Uingereza nafasi ya shule za msingi ilitungwa mwaka 1870. Kabla ya hapo, na hata miaka kadhaa baadaye, watoto wengi wa maskini katika nchi ile hawakusoma; walifanya kazi viwandani na mashambani. Yaani peni iliyokwenda Sharanpur ilitoka katika nchi ambayo mitaani mwake walikuwako watoto wasiojua kuandika majina yao. Bila shaka wazee wa huko pia walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini peni ile ivuke bahari. Lau watoaji wangalingoja hadi kila mtoto wa Kiingereza apate dawati, habari tutakazozisimulia hapa chini zisingalitokea.

Matunda ya Sharanpur

Mwaka 1864 walifika Rabai, nyuma ya Mombasa, vijana watatu waliosomeshwa Bara Hindi: William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuja kumsaidia padre Johann Rebmann, ambaye alikuwako tangu mwaka 1846, na ambaye mwenzake wa kwanza, Johann Ludwig Krapf, alikwisha ondoka. Wazungu hao wawili walikuwa wamefanya kazi kubwa ya lugha na ya kuitambua nchi, lakini wanafunzi wao walikuwa wachache sana. Vijana wale watatu walikuwa Waafrika wa kwanza kuja kufundisha katika misheni ile, nao walikuja kutoka ng'ambo.

Wengine tisa kutoka Nasik walichukuliwa na David Livingstone katika safari yake ya mwisho, aliyoianza mwaka 1866. Si wote waliodumu naye. Lakini mwaka 1872 alipelekewa wengine, na miongoni mwao walikuwa Jacob Wainwright na Matthew Wellington. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo katika nchi ya Zambia, alikuwa hana Mzungu hata mmoja karibu naye. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, ndio walioamua kuuzika moyo wake pale, kuukausha mwili, na kuuchukua hadi pwani, safari ya miezi mingi yenye njaa na magonjwa. Na aliyesoma sala za maziko, kisha akachonga maandishi juu ya mti, alikuwa Jacob Wainwright, kwa sababu alikuwa amefundishwa kusoma na kuandika. Mwaka 1874 alifuatana na jeneza hadi London, naye alikuwa miongoni mwa waliolishika siku ya maziko katika kanisa la Westminster. Mtoto aliyetolewa katika mikono ya wauza watu, akasomeshwa kwa sadaka, sasa alisimama mbele ya taifa zima akiwa shahidi. Mwenzake Matthew Wellington alirudi pwani hii, akaishi Mombasa hata alipofariki mwaka 1935.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, ambaye zamani alikuwa Gavana wa Bombay na aliyewafahamu watoto wa Nasik, alitumwa Unguja kuzungumza na Sayyid Barghash habari za biashara ya watumwa. Mapatano ya kuifunga biashara hiyo baharini, na kuyafunga masoko yake, yalitiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka huo. Frere alishauri kwamba Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi warudishwe pwani ya Afrika, wawe nguzo ya makao mapya ya watu watakaookolewa. Basi padre Price, ambaye alikuwa amekwisha rudi Uingereza, akatumwa tena, akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Ikanunuliwa ardhi ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, na makao hayo yakaitwa Freretown. Mwaka 1875 manowari zilianza kushusha hapo watu waliotolewa katika majahazi. Waliowapokea, wakawafundisha kujenga, kulima na kusoma, walikuwa wale waliotoka Nasik, ambao watu waliwaita Waafrika wa Bombay. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu wa Freretown ingali ikitazamwa na wapita njia mpaka leo, na mahali pake paitwa Kengeleni.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Aliyepewa alikuwa sasa anatoa. Mtoto wa makimbilio alikuwa sasa ndiye mlinzi wa makimbilio.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika maisha ya William Jones. Mwaka 1885 yeye na Ishmael Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Mwaka uleule Jones alifuatana na Askofu huyo katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasai. Walipofika kwa Sundu, mahali tupaitapo Mumias leo, Askofu aliendelea mbele na watu wachache, na Jones akaachwa na sehemu kubwa ya msafara. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alipopata habari aliwakusanya waliosalia, akawaongoza njia yote kurudi Rabai, wakafika mwaka 1886 wakiwa wamechoka na kuchakaa.

Huko Rabai alikuwa na kazi nyingine ngumu kuliko safari. Watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani walikuja kwake kutafuta usalama, naye hakuwafukuza, ingawa sheria ya siku zile ilikuwa upande wa mabwana wao. Idadi yao ilizidi mwaka hata mwaka, na mabwana walikasirika hata ikaogopwa kuwa vita vitatokea. Mwisho George Mackenzie, aliyekuwa mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifanya mapatano nao. Mabwana walilipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru wao pale Rabai. Wanachama wetu wenye asili ya Rabai na Freretown hawahitaji kuambiwa maana ya siku ile.

Makosa ya watoaji

Walakini historia si wimbo wa harusi, ambamo kila kitu husifiwa. Kama twataka kujifunza, hatuna budi kutaja na hasara.

Kwanza, watoto wale walipewa majina mageni. Twawajua kwa majina ya Jones, Semler, David, Wainwright na Wellington. Lakini majina waliyopewa na mama zao, ambayo pengine yalikuwa ndiyo kitu pekee walichovuka nacho bahari, hayasikiki katika habari zao. Mtoaji alipotaka kumpa mtoto maisha mapya alidhani, kwa nia njema, kuwa lazima kwanza amvue ya zamani.

Pili, walisomeshwa mbali na watu wao kwa muda mrefu, hata waliporudi walikuwa wageni katika bara lao. Walijua Kiingereza na lugha za Bara Hindi, walivaa mavazi mengine, na jirani zao Wamijikenda na Waswahili hawakujua wawahesabu kuwa nani. Iliwachukua miaka mingi, ndoa na mazishi, hata wakawa wenyeji.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, baadhi ya waliowasomesha walishindwa kukubali kuwa wamekwisha soma. Freretown iliendeshwa kwa amri kali. Mwaka 1880 na 1881 yalizuka malalamiko juu ya viboko na vifungo, hata uchunguzi ukafanywa. Waafrika wa Bombay, ambao walikuwa mafundi na walimu, walinung'unika kwamba wanatazamwa kama watoto wa kulelewa siku zote, na kwamba mishahara yao na heshima yao haviwi sawa na kazi yao. Jones na Semler walifanya kazi zaidi ya miaka 20 kabla ya kupewa ushemasi. Hapo twaona hatari iliyofichika ndani ya kila sadaka: mkono uliompa mtoto kitabu waweza kusahau kuuachia mkono wa mtoto.

Hata hivyo mbegu haikufa. Masomo ya uchungaji yaliyofundishwa Freretown yalihamishiwa Limuru mwaka 1930, na kutokana na shina hilo kimeota Chuo Kikuu cha St. Paul's cha leo. Mwaka 1934 kilichapishwa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa kwa Kiswahili na James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliotolewa katika jahazi na kuletwa Freretown. Yaani katika kizazi kimoja tu, mwana wa mtu aliyekamatwa ili auzwe kama mzigo alikuwa akiwaandikia watu wake historia yao.

Ndege ya mwaka 1959

Wengine watasema, hizo ni habari za kale mno. Basi na tusogee karibu, kwenye siku ambazo baadhi ya wazee wetu walizishuhudia kwa macho.

Katika miaka ya 1950 kijana wa Kenya aliyetaka elimu ya juu alikuwa na milango michache sana. Makerere ilikuwa na nafasi za kuhesabu, na masomo ya ng'ambo yalikuwa kwa wachache. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiwaomba watu na vyuo wawasaidie vijana wetu. Vyuo vilitoa nafasi za masomo, na watu wakachanga nauli. Miongoni mwa walioziomba hadharani fedha hizo walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwezi wa Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na ilipofika mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Na huku nyumbani watu hawakukaa bure. Waliandaa karamu za chai na dansi, waliuza ng'ombe, na kijiji kizima kilichanga ili mtoto mmoja apate koti na fedha ya mfukoni.

Miongoni mwa watoaji wa Marekani walikuwako waliosukumwa na imani waziwazi. Kanisa la Dexter Avenue Baptist katika mji wa Montgomery, Alabama, ambalo mchungaji wake siku zile alikuwa Dkt. Martin Luther King, lilisaidia kumlipia mwanafunzi Mkenya aliyesoma katika chuo cha Tuskegee. Na masista Wabenediktini wa Atchison, katika jimbo la Kansas, walimpokea mwaka 1960 msichana kutoka Nyeri, wakamsomesha katika chuo chao cha Mount St. Scholastica mpaka alipopata shahada mwaka 1964. Jina lake ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye hakuulizwa na masista wale aache kuwa binti wa Nyeri. Alirudi nyumbani, akapanda miti kwa udongo wa nyumbani, pamoja na akina mama wa nyumbani.

Fikirini juu ya kanisa lile la Montgomery. Mahakama Kuu ya nchi yao ilikuwa imekata shauri mwaka 1954 kwamba ni kosa kuwatenga watoto kwa rangi shuleni, lakini katika jimbo lao amri hiyo ilikuwa bado haijatekelezwa. Mwaka 1955 na 1956 watu wa mji huo walikuwa wametembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, wakisusia mabasi yaliyowadharau. Watoto wao wenyewe walisoma katika shule zilizonyimwa haki. Na bado walitoa. Hawakutoa kwa kuwa walikuwa na ziada. Walitoa kwa kuwa walimtambua mtoto wa mbali kuwa ni wao. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wala wito huo si wa dini moja. Hapa kwetu, katika mji wa Lamu, Habib Swaleh, aliyekuja kutoka visiwa vya Ngazija, alijulikana kwa kuwafundisha watu ambao wengine waliwaona duni, wakiwamo waliotoka katika utumwa. Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ukawa mahali pa elimu ambapo wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Alikuwa mgeni aliyewafundisha watoto wasio wake, katika nchi isiyo yake, kwa sababu aliamini kuwa elimu ni amana ya Mwenyezi Mungu.

Maoni ya Halmashauri

Sasa twarudi kwa mzee wetu na wajukuu wake. Hatutaki mtu yeyote aseme kuwa historia imemshinda. Neno lake ni la haki. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hawezi kufarijiwa kwa hadithi za Nasik, na Chama kinachosahau watoto wa wanachama wake hakistahili kuitwa Chama. Lakini wale wanachama wawili nao wana haki. Sisi sote tulio hapa, kama si kwa damu basi kwa elimu, tu wana wa watu waliosomeshwa na wageni. Yuko ambaye babu yake alifundishwa kusoma na mwalimu aliyefundishwa Freretown. Yuko ambaye daktari aliyemtibu alipanda ndege za Mboya. Deni hilo haliwezi kulipwa kwa watoaji wenyewe, maana wamekwisha kufa, na majina ya wengi wao yalibaki katika visanduku vya peni. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kumpa mwingine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo yatawekwa mbele ya mkutano mkuu ujao ili wanachama wayapigie kura.

La kwanza, fedha za karo ya watoto wa wanachama zisiguswe hata senti moja kwa ajili ya kazi hii. Badala yake lifunguliwe sanduku la pekee, na atie humo mwenye moyo wa kutia. Asiyetia asiulizwe, wala asitazamwe vibaya. Wito hauwezi kutozwa kama ada ya mwezi.

La pili, watoto watakaosaidiwa wasome katika nchi yao, au karibu nayo kadiri iwezekanavyo, miongoni mwa watu wa lugha yao. Asitakiwe mtoto kubadili jina lake, wala dini yake, wala asitakiwe kutuandikia barua za kutusifu. Hasara za Sharanpur zatosha kutufundisha hayo.

La tatu, walimu na wazee wa huko ndio watakaochagua watoto, si sisi. Sisi tutadai kitu kimoja tu, yaani hesabu safi: stakabadhi za karo, na taarifa ya maendeleo ya darasa kila mwisho wa mwaka, ili Mweka Hazina wetu aweze kusimama mbele yenu bila haya.

La nne, mtoto akimaliza masomo tumwachie. Akitaka kutujua, karibu. Akitaka kutusahau, ni haki yake. Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Tulipokuwa tukimaliza kuandika maneno haya, mzee aliyetoa pingamizi alifika ofisini kutazama rasimu, kwa kuwa tulimwomba aisome kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Aliisoma yote, akavua miwani, akauliza kama yule Jones alikuwa na watoto. Kisha akasema bado atasimama mkutanoni kuwatetea wajukuu wake, na kwamba tusiliondoe neno lake hata moja katika kitabu. Tukamjibu hatutaliondoa, nasi tumetimiza ahadi hiyo.

Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza sanduku lile litawekwa wapi.